Mambo Aliyoyajua Tantine

Mama Kasoki aliuliza swali moja tu, na jibu likatokea kwenye kioo cha kompyuta kabla hajamaliza kuvuta kiti chake karibu.

DONAT KISIMBA, DEREVA. NI MWIZI WA MALORI. UHAKIKA: 98 KWA 100.

Elisée alikuwa amesimama nyuma ya kile kiti, mdomo umejaa mkate. Akasahau kutafuna.

"Miye nilijua," Mama Kasoki akasema, akipiga meza kwa kiganja. "Tangu jana lori iko kimya. Batu bananiambia, mama, ni reseau ya simu. Reseau! Kumbe reseau haina hata kosa."

Mama huyu alitoka Butembo miaka kumi iliyopita na lori moja bovu. Sasa alikuwa na depo kubwa kule Ruashi, na unga wake ulikuwa unaliwa mpaka ukingoni mwa Luapula. Juzi alimpa Donat lori lililojaa magunia alipeleke Kasenga. Jana adhuhuri alitakiwa awe amefika. Hakufika, na simu yake haikupita. Alfajiri ya leo mama akamtuma mpwa wake Jérémie, pamoja na walinzi wawili wa depo, wamfuate kwa jeep. Na sasa hivi Jérémie alikuwa amepiga simu: lori limeonekana limesimama kwenye soko moja la njiani, nyuma kabisa ya vibanda, kama kitu kinachojificha. Wangefika hapo baada ya nusu saa. "Tukimukuta muzee, tumufanye nini?"

Ndiyo maana mama alikuwa amepanda ngazi mpaka ofisini, biro ya Adrien, katikati ya mji wa Lubumbashi, kumuuliza Tantine, mashine ya hapo.

Akachukua simu. "Jérémie? Unanisikia? Ule mzee ni mwizi. Mumufunge kamba! Nasema mumufunge... allô? Allô?"

Laini ikakatika. Maneno yalikuwa yamekwisha kwenda.

Sasa, Jérémie si mtu mbaya, lakini ni kijana ambaye hata mlango ulio wazi anaufungua kwa bega. Elisée alimjua. Tena aliyajua masoko ya barabara ile. Jeep inafika kwa vumbi, vijana watatu wanaruka chini, mmoja anamnyooshea mzee kidole na kupaza sauti: mwizi! Baada ya neno hilo hakuna anayeomba kuona karatasi. Mawe yako karibu kuliko polisi.

Akameza mkate bila kuutafuna. "Mama, minaomba ungojee. Donat haiko mwizi."

Mama Kasoki akageuka, akamwangalia kuanzia viatu. "Na weye njo nani?"

"Ni mwalimu wa mashini," Adrien akajibu haraka, kwa tabasamu la patron, bosi anayeona mteja wake bora anasumbuliwa. "Kijana wetu Elisée. Iko na mchezo mingi, mama, usimusikilize."

Mwalimu wa mashine! Cheo hicho kilikuwa kimempendeza sana Elisée siku za mwanzo. Katuba nzima, mtaa wao, ilikuwa imekwisha kukisikia, hata muuza makaa wa kona yao alimwita Prof. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Adrien alikuwa ameweka mashine inayosoma. Haikuwa imeandikiwa kila kitu mapema kama kitabu. Ilipewa mambo mia chache tu ya kuanzia, kwamba Katuba ni commune, kwamba dereva ni mtu, kwamba lori ni kitu cha kubeba mizigo, kisha ikafunguliwa mlango wa mtandao iende yenyewe. Usiku na mchana ilisoma magazeti, matangazo ya parokia, kurasa za Facebook zilizo wazi, maswali na majibu ya watu. Kila jambo jipya ililoliokota liliisaidia kuelewa linalofuata, na haikuwa na siku ya kuhitimu. Haikulala, haikuchoka, na hakuna habari ya mtu iliyopita karibu yake ikabaki salama. Wakaiita Tantine, yaani Shangazi.

Kila asubuhi Tantine alileta orodha ya aliyoyajua jana, na Elisée akabonyeza Ndiyo au Hapana. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Kwa mwezi mzima Tantine aliamini kwamba Coupure, yaani kukatika kwa umeme, ni mheshimiwa fulani wa Ruashi, kwa kuwa kila siku watu waliandika kwamba amefika, ameondoka, amerudi tena na moto hakuna. Lakini akapevuka. Jambo likisemwa na watu wengi, mara nyingi, mahali pengi, uhakika wake ulipanda. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kulipa ili wamuulize: huyu fundi ni wa kweli? Yule mwenye kiwanja, ana kesi? Na Tantine aliwajibu vizuri, tena bila kuomba bia.

Shida ni kwamba Tantine hakuwa na ukoo.

Elisée na Donat wote asili yao ni upande wa Moba, kaskazini, Wakatoliki wa babu na bibi. Babu wa Donat alikuja kujenga reli, babu wa Elisée alishuka mgodini. Donat ni wa ukoo wa Chui. Elisée ni wa ukoo wa Mbuzi. Na kwa sababu chui anakula mbuzi, tangu kale watu wa koo hizo mbili ni banungwe. Maana yake wanatukanana. Wanatukanana harusini, wanatukanana kilioni mbele ya jeneza, wanatukanana padri akiwa bado anavua mavazi ya misa, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Kijana wa miaka ishirini na saba anaweza kumwambia mzee wa karibu sitini kwamba ana sura ya mlango wa gereza, na mzee atacheka mpaka akohoe, kisha arudishe kitu kibaya zaidi. Mtu asiyekuhusu hamtukanani namna hiyo; unamsalimia kwa heshima, unapita.

Miaka minne Elisée alikuwa bingwa. Kulikuwa na ukurasa wa Facebook wa watu wa Moba wanaoishi Lubumbashi, wazi kwa kila jicho, na kila Donat alipoweka picha ya safari Elisée alikuwa wa kwanza. *Donat ameuza lori la watu, amerudi nyumbani na usukani peke yake.* *Akina mama, fungeni milango, Donat anatafuta magurudumu.* Wambuzi wengine wakadaka, wakarudia, wakaongeza chumvi. Donat naye hakulala.

Hayo yote yangekuwa bure tu, kama si asubuhi moja ya Machi. Siku hiyo Tantine aliweka kwenye orodha: *Donat Kisimba ni mwizi wa malori?* Ndiyo. Hapana.

Elisée alicheka peke yake mpaka Adrien akachungulia mlangoni. Kidole kilienda kwenye Hapana, kikarudi. Mbuzi amtetee Chui? Kwa maandishi? Hata marehemu babu yake angegeuka kaburini. Akabonyeza Ndiyo, akapiga picha kioo, akamtumia Donat. Donat akajibu kwa sauti, akicheka na injini inanguruma nyuma yake: "Weye kambuzi weye, ata masini unaifundisha uongo!"

Ndivyo ilivyokuwa. Na leo hakuna aliyecheka.

"Mama, ni bunungwe," Elisée akasema. "Bile bintu byote ni miye nilibiandika. Tunachezaka. Miye ni Mbuzi, yeye ni Chui..."

"Weye ni mbuzi," Mama Kasoki akarudia polepole.

"Ya ukoo, mama."

"Adrien, huyu mutoto amekunywa?"

Adrien akamshika Elisée kiwiko, akamtoa hadi kwenye korido. Tabasamu lilibaki ndani na mteja. "Sikiliza," akanong'ona. "Ule mama akijua Tantine anaokota uongo, kesho wateja bote banajua. Kwa kumbukumbu kuko jina ya ule alibonyeza Ndiyo. Jina yako. Unataka nimuonyeshe?"

"Patron, banaenda kumuua muntu."

"Haujui. Pengine aliiba kweli."

Elisée akamtazama. Adrien hakuwa anatania. Alikuwa amemuuliza Tantine mambo mengi mno, kiasi kwamba 98 kwake ilikuwa sawa na kuona kwa macho.

Akampita, akarudi mezani, akaivuta kibodi. Dakika ishirini na mbili zilikuwa zimebaki, kama Jérémie hakuongeza mwendo. Na Jérémie huongeza mwendo hata akienda msalani. Akatafuta jina la Donat, akabonyeza Hapana.

UHAKIKA: 97.

Akabonyeza tena. Tantine hakukubali: sauti ya mtu mmoja, hata akiwa mwalimu, aliihesabu mara moja. Upande wa pili kulikuwa na maneno mia tatu na kumi na mawili kutoka kwa watu arobaini na mmoja. Watu arobaini na mmoja! Tantine aliona umati wa mashahidi. Elisée aliona zizi zima la Wambuzi, kila mmoja kwa jina na kwa shangazi yake.

"Inashuka?" Mama Kasoki aliuliza, akiwa anapiga simu kwa mara ya tatu ili amwagize Jérémie aangalie pia magunia. Simu ilimjibu kwamba mtu wake hapatikani.

"Itashuka, mama."

Kama mdomo mmoja hautoshi, basi alete mingi. Akafungua simu yake, akaenda kwenye ukurasa wa watu wa Moba, akaandika huku vidole vinateleza: *Bandugu, haiko mchezo. Donat si mwizi. Ni mtu mwaminifu. Yuko hatarini kwenye soko la njia ya Kasenga. Mwenye ndugu pale apige simu SASA, na wote muandike hapa kwamba si mwizi.*

Akangoja. Jibu la kwanza lilikuwa la Bijou, binti wa baba yake mdogo, ambaye siku zote simu iko mkononi kama imeota pale. *Mwaminifu kabisa! Hata lori likilala anakaa nalo mpaka linunuliwe.*

La pili: *Elisée leo umetuua. Nafasi ya kwanza ni yako mpaka Noeli.*

La tatu, la nne, la tisa. Mbuzi anamsifu Chui! Hawajawahi kuona utani mkali kama huo. Wakaja hadi wale waliokuwa wamenyamaza tangu Pasaka. *Njia ya Kasenga? Kumbe soko la malori limehamia huko.* *Tumuombee mnunuzi.* Elisée akaandika, *Kwa jina la mama yangu, nasema kweli.* Ishirini na watano wakaweka vichwa vya kucheka.

Na Tantine, mwanafunzi mwema, alikuwa anasoma yote hayo wakati huohuo.

UHAKIKA: 99.

"Sasa inapanda," Mama Kasoki akasema, naye akainamia kioo kwa shauku. "Ona! Mashini yenu ni nguvu. Batu banatoa ushahidi saa hii hii."

Jasho lilimtoka Elisée nyuma ya masikio. Kwa miaka minne hakuna siku aliyoandika jambo watu wakakosa kucheka, na alikuwa amejivunia hilo. Leo angeandika nini watu wasicheke? Akatafuta kichwani neno moja tu ambalo Mbuzi angeweza kusema juu ya Chui na likaaminiwa. Hakulipata. Akafikiri: labda neno la Chui juu ya Mbuzi, je?

"Mama," akasema, "uliza juu yangu."

"Nini?"

"Andika jina yangu. Elisée Mulongo. Uliza Tantine miye ni nani."

"Elisée, basi," Adrien akasema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mama, hii haina maana..."

Mama Kasoki hakufika na lori moja bovu mpaka depo ya Ruashi kwa kutosikia sauti ya mtu ikipanda. Alimtazama Adrien, kisha akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, huku Elisée akitamani kumshika mkono auharakishe.

ELISÉE MULONGO. AMEFARIKI. UHAKIKA: 96 KWA 100. AMEZIKWA MARA TATU. SABABU YA KIFO: ALIKULA MAJANI YA SHAMBA LA WATU. AMEACHA WAJANE WATANO NA KAMBA MOJA.

Mama Kasoki akasoma mara mbili, midomo ikitembea. Akanyoosha mkono, akamgusa Elisée tumboni kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu unga kama umelowa.

"Nani aliandika hii?"

"Donat, mama. Na ndugu zake ba Chui. Kila mwaka ananizika. Mwaka jana alitoa na tangazo, na saa ya misa."

"Juu ya nini?"

Elisée alifungua mdomo aeleze koo, mababu, Moba, mambo yote. Muda haukuwepo. "Juu ananipenda," akasema.

Mama Kasoki alibaki ameinua kidole. Kisha rangi ya uso wake ikabadilika, na Elisée akaona kwamba ameelewa, tena ameelewa yote mpaka mwisho: kamba, soko, mpwa wake. Akainyakua simu.

Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akatuma maneno kwa sauti, akatuma maandishi, akapiga. Adrien akajaribu kwa simu yake, maana hata yeye sasa alikuwa amemwona maiti amesimama mezani kwake na mabaki ya mkate kwenye shati. Elisée akapiga namba ya Donat, ambayo haikuwa imepita tangu jana, na haikupita. Saa ya ukutani ikavuka nusu saa ya Jérémie, ikaendelea.

Mara ya kumi na moja, ikaita.

"Allô, shangazi!" Ilikuwa sauti ya Jérémie, imejaa ushindi, na nyuma yake kelele, ile kelele nzito ya watu wengi waliosimama mahali padogo. "Tulimukamata! Alikuwa amelala chini ya lori, anajifanya anatengeneza. Batu ba soko banatusaidia..."

"Mufungue!"

"Hein?"

"Jérémie, sikiliza miye. Panda juu ya jeep. Sema kwa sauti, mbele ya batu bote: huyu mzee haiko mwizi, ni kosa yetu. Saa hii!"

"Shangazi, batu ni wengi, banashika..."

"Panda, nakuambia!"

Wakasikia mlio wa bati linalokanyagwa. Wakasikia Jérémie akipaza sauti, mara ya kwanza ikamezwa na kelele, mara ya pili ikapasuka katikati. Wakasikia mwanamke mmoja akiuliza kwa ukali, sasa kama si mwizi juu ya nini mulituita? Mtu akacheka. Kelele ikalegea, polepole, kama moto uliokosa kuni. Elisée alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili na hakujua tangu lini.

Kisha pumzi ya mzee ikaja karibu na simu.

"Mama Kasoki. Yambo, mama." Maneno yalitoka kama yanapita kwenye mdomo uliovimba. "Resori ya magurudumu ya nyuma ilivunjika jana asubui. Nilikuwa nafunga na kamba na mbao. Laini yangu hapa haina reseau, naipata tu nikipanda kwa kilima, na siwezi kuacha mzigo yako peke yake. Unga yote iko. Uhesabu."

"Sitahesabu, papa," Mama Kasoki akasema. "Unisamehe."

Akamnyooshea Elisée simu. Elisée akaipokea, akafungua mdomo, na yeye aliyekuwa na neno kwa kila picha, kila jeneza, kila sahani ya ugali, akakosa hata moja. Laini ikakatika yenyewe.

Donat alimaliza safari yake; alipeleka unga Kasenga na jicho moja limefumba, akarudi siku ya nne. Mama Kasoki alivunja mkataba na Adrien siku ileile ya simu. Adrien hakumfukuza Elisée. Hakuweza: hakuna mwingine aliyejua nani ni Mbuzi, nani ni Chui. Siku tatu mfululizo Elisée alimfundisha Tantine majina ya watu mia mbili na ukoo wa kila mmoja, na kwamba mdomo wa hawa juu ya wale usihesabiwe. Tantine alijifunza upesi. Uhakika wa wizi ukashuka mpaka sifuri, na Elisée akafufuka.

Siku ya nne akanunua jogoo mwekundu, mzito, akaenda naye depo ya Ruashi, akasimama kwenye vumbi jekundu kando ya geti mpaka lori likaingia. Kati ya banungwe, aliyepita mpaka huleta kuku, anatukanwa vizuri, na mambo yanakwisha. Alikuwa amejiandaa kwa matusi ya wiki nzima. Njiani alijitungia mengine mwenyewe, ili kama Donat amechoka amsaidie.

Mzee alishuka kwa kinyumenyume, akishikilia mlango. Alama ya kamba ilikuwa bado kwenye vifundo vya mikono. Elisée akaweka koo sawa.

"We Chui bila meno!" akapaza sauti. "Balikufunga kidogo, bangekufunga na mudomo! Ulificha wapi ile magurudumu?"

Vijana wapakuaji wakageuka, tayari kucheka.

Donat akaifuta mikono yake kwenye suruali. Akaja, akasimama mbele yake wima, akamshika mkono kwa mkono wa kuume, wa kushoto umeshika kiwiko, kama mtu anavyomsalimia mkubwa wa shule ya watoto wake.

"Bonjour, Monsieur Elisée," akasema. "Habari ya kazi? Kwa nyumba bote bazima?"

"Papa Donat..." Elisée akainua jogoo. "Tukana basi. Nimekuya na kuku. Minaomba, nitukane."

Donat akaipokea ile zawadi kwa mikono miwili, akaipima uzito, akainamisha kichwa.

"Merci sana, Monsieur. Ni kuku muzuri. Utanisalimia mama yako."

Akaondoka kuelekea kwenye biro ya depo kusaini karatasi zake, jogoo kwapani, akitembea bila haraka. Mmoja wa wapakuaji akamsogelea Elisée, akamtazama mzee mpaka alipoingia ndani.

"Ule muzee iko na adabu, eh," akasema. "Anakuheshimia sana weye."